Kijana anakwenda Marekani kusoma uchumi wa menejimenti

Kutoka: Mama wa Uyole

Habari zenu wanangu. Kijana wangu kamaliza kidato cha sita, HGE (historia, jiografia na uchumi), kapata chuo Marekani, shahada ya kwanza ya uchumi wa menejimenti. Wajomba zake wanasema hiyo ni biashara tu, atapeta. Ni kweli? Na akifanya kazi huko atajilipia ada?

Kutoka: Mtoto wa Tukuyu

Shikamoo mama. Nilisoma hiyohiyo. Wajomba wamedanganywa na jina. Mwaka wa kwanza ni kalkulasi na takwimu, halafu ndiyo uchumi wenyewe. Wenye EGM (uchumi, jiografia na hesabu) hupumua. Sisi wa HGE tuliopita na BAM, hesabu zile za msingi tu, tulisota. Aazime madaftari ya hesabu ya mtu wa EGM sasa hivi, akomae na namna ya kutafuta kilele cha mkunjo. Faida kubwa kabisa hutafutwa hivyo: unaongeza mzigo mpaka gunia la mwisho likuingizie sawasawa na lilivyokugharimu.

Mengine anayo nyumbani. Mama yangu alinunua viazi Isyonje kwa 50,000 gunia. Bei ikaanguka, mteja akatoa 35,000. Akagoma: “Nitauzaje chini ya niliyonunulia?” Akakaa navyo wiki mbili, vikachipua, vingine vikageuka kijani, tukaviachia kwa 20,000. Darasani ndipo nikaelewa kwamba ile 50,000 ilikwishazama siku aliyolipa. Swali lilikuwa moja tu: ukikataa 35,000 leo, kesho utapata ngapi? Nilimsimulia kwenye simu, akakata. (Tulipatana.)

Ada ajilipie? Hapana mama. Viza ya F-1, ile ya wanafunzi, inaruhusu kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, tena kazi za ndani ya chuo, na mwaka wa kwanza nje ya chuo haruhusiwi. Hizo ni hela za mboga. Asije akadanganywa na mtu akaoshe vyombo mgahawani kimyakimya, viza itamponyoka.

Kutoka: Kaka wa Iringa

Kamwene. Mimi naongeza moja, maana liliniuma. Kwenye fomu ya I-20, ile chuo inayomtumia ya kuombea viza, kuna namba ya kozi. Uchumi wa menejimenti kwa kawaida ni 52.0601, kundi la biashara. Ukihitimu unapewa miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yako, basi. Vyuo vingine vina uchumi wa kihesabu, 45.0603, ulio kwenye orodha ya serikali yao ya kozi za sayansi na teknolojia, na huo unaweza kuombewa miezi 24 juu yake. Mimi nilikuja kuiona namba hiyo nikiwa mwaka wa nne, hesabu zote nimeshasoma, kubadili imeshindikana. Amuulize mshauri wa wanafunzi wa kigeni mapema.

Kutoka: Mama wa Uyole

Ndaga fijo wanangu. Madaftari yamepatikana kwa binti wa jirani, ila anataka yarudi Jumapili. I-20 haijafika. Wajomba nimewasomea habari ya viazi, mmoja kacheka, mwingine ana magunia yake stoo, kanyamaza.