Uzi wa pamba au poliesta kwa kwilti ya kitenge, mnatumia upi?

dada_viraka (Dar)
Shikamooni wakubwa, na wengine mambo vipi. Nimemaliza kuunga vipande vya kitenge na khanga kwa ajili ya kwilti ya kitanda cha 5 kwa 6, sasa nataka kupiga mistari ya kushika tabaka zote tatu, juu vitenge, katikati pamba, chini shuka. Cherehani yangu ni Singer ya umeme ya nyumbani. Kariakoo uzi umejaa poliesta, wa pamba nimeupata duka moja tu na bei yake imechangamka. Dada mmoja kaniambia poliesta itakata kitambaa baada ya miaka, mwingine anasema pamba itaoza. Nishike lipi? Watalalia watoto na itafuliwa sana, sio ya kuweka kabatini.

FundiMakorora (Tanga)
Poliesta dada. Sisi wa pwani unyevu tunaujua, pamba inavuta maji hewani halafu ikikunjwa mbichi ukungu unaingia, poliesta hainywi maji na ukungu hauna cha kula pale. Halafu nguvu, chukua nyuzi mbili za unene mmoja uvute kwa mkono uone upi unakatika kwanza. Mi natumia ule wa koni 40/2, yaani namba 40 wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na watoto wanaruka juu ya kitanda mshono upo tu.

bibi_ushonaji (Mombasa)
Marahaba mwanangu. Mimi nasema pamba. Hayo ya ukungu fundi amesema kweli, lakini khanga yenyewe si pamba? Ukungu ukiingia utaanza na nguo, uzi wa poliesta utabaki umeshika matambara. Na kufua hakuna neno, pamba ikilowa huwa na nguvu zaidi kuliko ikiwa kavu. Kubwa ni hili, kwilti ikivutwa kwa nguvu nataka uzi ukatike kabla ya kitambaa, mshono ntaurudia jioni moja, lakini khanga ikishachanika katikati ya kipande utafanya nini? Tena uzi wa pamba na pamba ya ndani hunywea pamoja kwenye kufua kwa mara ya kwanza, kwilti inajikunja vile vikunyanzi vidogo vizuri.

kwilti_254 (Nairobi)
Bibi heshima yako, lakini hii stori ya poliesta kukata kitambaa naona watu wanailaumu bure. Kinachokata ni uzi mnene kuliko kitambaa, tensheni (mkazo wa uzi kwenye cherehani) imekazwa sana na stichi ndogo ndogo zimesongamana mahali pamoja, hata uzi wa pamba mnene utafanya hivyo. Watu pia wanachanganya na nailoni, ile inayoonekana kama uzi wa kuvulia samaki, hiyo ndio mbaya kwa kwilti, jua linaila na pasi inaiyeyusha haraka. Mimi huangalia namba ya uzi kwanza, ikipanda uzi unakuwa mwembamba, so 50 ni mwembamba kuliko 30. Ukitaka mistari izame ndani ya kitenge tumia mwembamba, ukitaka ionekane tumia mnene na sindano uongeze size, 14 badala ya 11. Shida yangu na pamba ni vumbi, yani ukishona mistari mingi ukifungua pale chini ya meno yanayosukuma kitambaa unapata manyoya yamejaa, lazima upige brashi kila ukibadilisha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini.

FundiMakorora (Tanga)
Hapo kwenye vumbi niseme ukweli, hata huu wa koni unatoa manyoya kiasi maana umesokotwa kwa nyuzi fupi fupi. Ule usiotoa ni wa nyuzi ndefu unaong'aa, wa kudarizi.

viraka_Minneapolis
Huku Marekani washona kwilti wengi wanatumia vyote, pamba namba 50 kuunga vipande na poliesta kupigia mistari, hasa wenye mashine kubwa zinazokimbia sana maana pamba inawakatikia. Dada ukinunua pamba tafuta iliyotiwa magadi makali, mbinu ya Muingereza John Mercer tangu 1844, inakuwa laini, inang'aa kidogo na ina nguvu kuliko ya kawaida. Ila ile ngumu yenye nta ni ya kushona kwa mkono tu, usiiweke kwenye cherehani, nta inabaki kwenye visahani vya tensheni.

dada_viraka (Dar)
Asanteni. Sasa huu niliouona hauna lebo, ntajuaje ni pamba kweli?

pamba_Mwanza
Uchome. Kata kipande kidogo ushike na kibano juu ya kiberiti. Pamba inawaka kwa moto, inanuka kama karatasi na majivu yake laini yanasagika. Poliesta inasinyaa, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Na inaniuma sana kusema hivi, huku kwetu pamba tunalima wenyewe, lakini maduka ninayoyajua uzi ni poliesta tu.

Swali muhimu, unapiga pasi gani? Ya umeme kwenye alama ya pamba ni kama nyuzi joto 200, poliesta inavumilia, inayeyuka kwenye 250 na kitu. Ila pasi ya mkaa huna wa kukuambia imefika ngapi, hapo mi ningeenda na pamba.

FundiMakorora (Tanga)
Pasi ya mkaa nakubali, hapo bibi kashinda.

dada_viraka (Dar)
Pasi ni ya umeme. Basi kwa bei hii naenda na poliesta nyembamba juu na chini, tensheni nilegeze. Kwilti ya mama ya khanga zake za zamani ndo ntanunulia pamba, zile zimeshachoka nguo yenyewe.

FundiMakorora (Tanga)
Sawa kabisa. Bobini ijaze polepole, poliesta inavutika, ukiijaza kwa kasi inajivuta ikiwa kwenye bobini halafu ikishashonwa inarudi na kitambaa kinakunjamana. Jaribu kwanza kwenye kipande chenye tabaka zote tatu, sio kitenge peke yake.

bibi_ushonaji (Mombasa)
Na shikiza kwa pini nyingi, uanze katikati ukielekea pembeni, ukianza pembeni nguo itajikusanya katikati na kuifumua yote ni kazi.