Klabu ya mtaani bila timu za watoto: tuanzie umri gani, na tuwazuieje kupotea?

Katibu_Uyole

Heshima kwenu wakuu. Klabu yetu ipo Uyole, Mbeya, tunacheza ligi ya mkoa. Kikosi kinazeeka, zaidi ya nusu wamevuka miaka 28. Kila msimu tunaziba mapengo kwa wachezaji wa kukodi: wanataka nauli, posho na malazi, ligi ikiisha wanaaga. Huku watoto wamejaa, kila jioni wanapiga chandimu pembeni ya uwanja wetu huohuo, lakini hakuna hata mmoja aliyeandikwa kwenye daftari la klabu.

Kamati imeridhia tuanze mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa. Naomba wenye uzoefu mnisaidie:

1. Tuanzie rika gani?
2. Vifaa vya chini kabisa ni vipi? Tunategemea michango ya wanachama tu.
3. Wakifika sekondari wanapotea. Tufanyeje?

---

Kocha_Mwanjelwa

Katibu, kosa la kwanza ambalo klabu nyingi hufanya ni kutangaza timu za U9 (yaani chini ya miaka 9), U11, U13, U15 na U17 kwa mpigo. Makocha wa kujitolea hawatoshi, mipira haitoshi, na kabla muhula haujaisha imebaki timu moja. Anzeni na mbili tu: watoto wa miaka 10 hadi 12, na vijana wa 14 hadi 15. Hao wadogo ndio uhai wa klabu baada ya miaka sita, saba. Hao wakubwa ndani ya misimu mitatu watakuwa wanagombea namba kwa kaka zao, na hilo ndilo litakaloifanya kamati isichoke. Mkianza na wadogo peke yao, viongozi wataona gharama bila mavuno na mradi utakufa uchaguzi unaofuata.

Kila kundi lisizidi watoto 18 kwa kocha mmoja na msaidizi wake. Mara mbili kwa wiki inatosha. Anzeni saa kumi na nusu jioni. Wadogo dakika 60, wakubwa 75 hadi 90, ili kila mtoto awe nyumbani kabla ya giza.

Vifaa: mpira mmoja kwa kila watoto wawili. Huu ndio mstari ambao hampaswi kuushusha. Watoto 18 na mipira miwili maana yake ni foleni: mtoto anagusa mpira mara chache, anapigwa na baridi, kesho haji. Kwa wadogo nunueni namba 4, kuanzia miaka 13 namba 5. Namba 5 ukilowa kwenye tope ni mzito kwa mguu wa mtoto wa miaka 10, anajifunza kuupiga kwa kidole gumba na ubaya huo hautoki tena. Kwa uwanja wa changarawe usiujaze hadi uwe jiwe. Sheria inaruhusu mgandamizo wa hewa wa atmosfia 0.6 hadi 1.1, kaeni karibu na ile 0.6 au 0.7, nyuzi zitadumu. Na sindano ya pampu ilowesheni kabla ya kuichomeka. Ikiingia kavu inachana kinywa cha mpira kwa ndani, halafu mnamlaumu muuzaji kwamba mpira ni feki. Koni si lazima, chupa za maji zilizojazwa mchanga zinafanya kazi ileile. Vizibao seti moja ya rangi moja inatosha, upande wa pili wabaki na fulana zao.

Uwanja: wadogo wasicheze kumi na moja kwa kumi na moja. Chezesheni saba kwa saba kwenye mita 55 kwa 37. Uwanja wenu mkubwa ukiukata kwa upana unatoa viwanja viwili vya namna hiyo, mechi mbili kwa wakati mmoja. Magoli ya miti ya mkaratusi yanatosha, upana mita 3.7, kimo 1.8, nguzo zichimbiwe angalau nusu mita na udongo ushindiliwe. Goli la kusimamishwa tu juu ya ardhi msilikubali hata siku moja. Watoto huning'inia kwenye mtambaa wa panya, na goli likimwangukia mtoto kichwani linaua.

Sasa la muhimu kuliko yote. Kila mtoto aliyekuja acheze si chini ya nusu ya mechi. Kocha akitafuta vikombe kwenye U12 atawapanga waliozaliwa Januari hadi Machi, kwa sababu wana miezi tisa, kumi ya ukuaji kuwazidi waliozaliwa mwishoni mwa mwaka huohuo. Wanashinda kwa kifua. Wakifika 16 wenzao wamewafikia kwa kimo, ila wale wenzao hawapo tena, walikaa benchi wakakata tamaa. Klabu imebaki na vijana waliozoea kushinda kwa nguvu ambazo sasa kila mtu anazo.

---

Samora_Jukwaani

Kamwene wadau. Nipo upande wa Iringa. Nakubaliana na Kocha kwa sehemu kubwa, ila kuanza na 14–15 kuna mtego: ndilo rika la vijeba. Ukitangaza nafasi utaletewa kijana wa 19 mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi, na kocha wako atampenda. Mkishampokea mmoja, wazazi wa watoto halali wanaondoa watoto wao, maana anaumiza.

Dawa ni daftari. Siku ya kwanza kila mtoto aje na mzazi au mlezi, si na kaka yake wa bodaboda. Andikeni jina kamili kama lilivyo shuleni, tarehe ya kuzaliwa, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na namba ya PREM ambayo mwanafunzi anapewa shule ya msingi. Asiye na cheti, nendeni kwa mwalimu mkuu mkaangalie rejesta ya mwaka alioandikishwa darasa la kwanza. Ni vigumu mtu kurudi nyuma kufuta rejesta ya miaka minane iliyopita. Andikeni namba mbili za simu, moja ya mzazi na moja ya jirani, pamoja na ugonjwa kama pumu au kifafa.

Kwenye daftari hilohilo pimeni kimo kila baada ya miezi mitatu, ukutani kwa futikamba. Kijana aliyerefuka sentimita 2 au zaidi kwa miezi hiyo mitatu yuko kwenye kupaa. Hapo ndipo maumivu ya chini ya goti na ya kisigino yanapoanza, kwa sababu mfupa unarefuka upesi kuliko msuli. Mpunguzieni kuruka na mbio za kasi, mpeni kazi za pasi na kupokea mpira. Makocha wengi humwita mvivu, anajilazimisha, anaumia kabisa na kuacha.

Swali la tatu la Katibu ndilo kiini, na jibu lake lipo kwenye kalenda ya shule kuliko kwenye mazoezi. Angalieni wanakopotelea. Septemba ni mtihani wa darasa la saba. Januari yake wanaingia kidato cha kwanza, wengine bweni, wengine shule ya kata upande wa pili wa mji. Novemba ni mitihani ya kidato cha pili na cha nne. Baada ya kidato cha nne kuna miezi kadhaa ya kusubiri matokeo, na hapo ndipo kijana anachukuliwa na machimbo ya Chunya, mashamba ya mpunga Mbarali au biashara za Tunduma. Kwa hiyo:

Mwezi mmoja kabla ya mtihani punguzeni mazoezi hadi mara moja kwa wiki, na muwatangazie wazazi rasmi. Mzazi akiona klabu inaheshimu mtihani, hatamzuia mtoto mwaka unaofuata.

Waliokwenda bweni wabakizeni kwenye daftari. Andaeni bonanza la wiki moja kila likizo ya Juni na Desemba, mwiteni kila mmoja kwa simu. Mtoto wa bweni anacheza huko UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, anarudi amekomaa. Asipoitwa na klabu yake ataitwa na nyingine.

Waliomaliza kidato cha nne wapeni kazi siku ileile: msaidizi wa kocha wa U12, mwamuzi wa mechi za wadogo, mtunza vifaa. Hata posho ya nauli tu inamweka karibu. Na klabu inapata kocha wa kesho bila kumtafuta.

Ukanda wetu umeshaona kupanda kwa haraka. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986. Njombe Mji walicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18 wakashuka msimu huohuo. Kupanda kunawezekana kwa kikosi cha kukusanya, lakini klabu ambayo inaanza upya kila inaposhuka haijajengwa.

---

Mnyalu_Ughaibuni

Niongeze kitu kutoka mchezo mwingine kabisa, mpira wa miguu wa Australia, ule wa mpira wa yai na wachezaji 18 kila upande kwenye uwanja wa duara refu. Klabu zao za ridhaa vijijini, hasa jimbo la Victoria, zina tatizo lilelile: vijana wanahamia mijini. Huko klabu hufa kuanzia chini. U18 ikishindwa kujaza kikosi, baada ya muda timu ya akiba inakosa watu, halafu ya wakubwa inaishi kwa kununua wachezaji, mwisho klabu mbili zinaungana. Ndiyo maana klabu nyingi za vijijini huko zina majina ya miji miwili.

Walichofanya kuna mambo matatu yanayotuhusu. Kwanza, wana mpango wa utangulizi unaoitwa Auskick kwa watoto wa shule za msingi, ambao hauhusu ligi wala ubingwa. Ni kushika mpira, kupiga, kucheza, na wazazi ndio wasaidizi uwanjani. Mzazi aliyewahi kupanga koni hawezi kuwa mgeni wa klabu.

Pili, tangu 2016 ligi za ridhaa Victoria zina mfumo wa pointi kwa wachezaji. Kila mchezaji ana thamani ya pointi, timu ina ukomo wa jumla, na aliyekulia kwenye klabu yenyewe anahesabiwa pointi moja tu, huku wa kutoka ligi za juu akihesabiwa nyingi. Ukikodi wengi unagota ukomo. Hapo kulea watoto kunakuwa faida ya wazi kwenye karatasi ya kikosi. Vyama vyetu vya mikoa vinaweza kuanza na kitu chepesi zaidi, kwa mfano kila timu ya ligi ya mkoa iwe na wachezaji watatu wa chini ya miaka 20 waliosajiliwa na klabu hiyo kwa misimu miwili. Pelekeni hoja hiyo kwenye mkutano mkuu wa chama.

Tatu, na hili ndilo ningeanza nalo Uyole: klabu zao za vijijini ni za mpira wa miguu na netiboli chini ya kamati moja. Siku ya mechi binti anacheza netiboli, kaka anacheza mpira, mama na baba wako kiwanja kimoja, na chakula kinauzwa hapohapo kwa faida ya klabu. Sisi netiboli tunayo tayari, shule nyingi za msingi zina uwanja wake. Mita 30.5 kwa 15.25, nguzo mbili za mita 3.05 na mipira michache. Klabu inapata mabinti, na pamoja nao inapata kina mama, ambao kwenye michango na usafi wa hesabu hawana mpinzani.

Jambo la mwisho: huko mtu mzima hafundishi watoto bila kuchunguzwa kwanza rekodi yake na serikali ya jimbo. Kwenu, wekeni kanuni iliyoandikwa: watu wazima wawili kila zoezi, hakuna kocha kubaki na mtoto mmoja peke yao, hakuna mtoto kulala kwa kocha wakati wa safari, na mzazi mmoja asafiri na timu.

---

Mweka_Hazina_Iyunga

Kuhusu fedha. Sajilini watoto rasmi kwenye mfumo wa TFF, shirikisho la soka nchini, kila mwaka, msiishie kwenye daftari. FIFA ina mgao wa mshikamano: mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, 5% ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka alipotimiza miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 ni 0.25%, wa 16 hadi 23 ni 0.5%. Mkimlea kuanzia 13 hadi 17 mna 1.75%. Ada ikiwa dola 100,000, ni dola 1,750, ambazo kwa timu ya mtaani ni mipira ya miaka kadhaa. Lakini malipo yanafuata kumbukumbu za usajili. Mtoto ambaye hakuwahi kusajiliwa kwenu, hata mtaa mzima ukitoa ushahidi, hamna chenu.

Msijenge bajeti juu ya hilo hata hivyo. Bajeti iwe mchango mdogo wa kila wiki unaoandikwa mbele ya mzazi, na asiyeweza asifukuzwe, afanye kazi ya uwanja.

---

Katibu_Uyole

Ndaga fijo wakuu. Hoja ya netiboli naipeleka kwenye kamati. Mmoja wetu anasema mwezi wa kwanza ni mvua, tusubiri Mei. Mnaonaje?

---

Kocha_Mwanjelwa

Anzeni Januari, ila msianze na mechi. Januari shule ndiyo imefunguliwa, walimu wana orodha mpya, ndiyo saa ya kuandikisha. Mvua za kwetu zinakwenda hadi Aprili, na Jumamosi watoto wengi wako shambani na wazazi, kwa hiyo wekeni mazoezi katikati ya wiki, kwenye uwanja wa netiboli wa shule ulioshindiliwa, wanne kwa wanne. Uwanja mkubwa uacheni upumzike. Mkiukanyaga ukiwa tope, Mei utakuwa na mabonde magumu yanayovunja vifundo vya miguu. Mechi zianze Mei nyasi zikiwa zimeshika.

Na radi msiifanyie mchezo. Mkiona mwanga hesabuni sekunde. Ngurumo ikifika kabla ya 30, radi ipo ndani ya kilomita kama kumi: ondoeni watoto wote, waingie darasani, si chini ya mti wala kwenye kibanda cha wazi. Warudi uwanjani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena hesabu inaanza upya. Mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina kila zoezi, na uamuzi wake kocha asiupinge.