Tupeane uzoefu: mliokatwa ngozi iliyobaki baada ya kupungua sana, ilikuwaje?

Tulivu
Habari zenu wapendwa. Nimepungua kilo 61, kutoka 138 hadi 77, kwa miaka miwili na nusu. Namshukuru Mungu, sukari imeshuka, magoti yamepona, napanda ngazi bila kusimama katikati. Ila hiki nilichobaki nacho hakuna aliyeniandaa. Ngozi ya tumbo imening'inia hadi mapajani. Chini ya ule mkunjo hakukauki: vipele, fangasi, michubuko, na harufu ambayo mimi naisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikivaa suruali lazima niikunje kwanza niipachike ndani.

Wiki iliyopita namwogesha mwanangu wa miaka minne, fulana ikapanda. Akaishika ile ngozi kwa mikono miwili akauliza, "Mama, hii ni ya nani?" Nikamaliza kumwogesha, nikamlaza, nikaenda kulia chooni. Kesho yake nikaenda kuonana na daktari wa upasuaji. Nimepewa tarehe, bado wiki sita. Mliopitia niambieni yote, na mabaya pia.

Nuru
"Hii ni ya nani." Nimesoma hapo nikaweka simu chini. Pole mdogo wangu, tupo wengi.

MamaPacha
Uliza kwanza utafanyiwa upasuaji upi, watu wanachanganya. Kuna wa kukata ule mkunjo unaoning'inia tu, misuli haiguswi. Na kuna wa kukaza tumbo: misuli iliyoachana inashonwa pamoja, ngozi inavutwa chini, kitovu kinatolewa kwenye tundu jipya. Mimi nilikuwa na akili ya huo wa pili, nikaamka nimefanyiwa wa kwanza. Hakuna aliyenidanganya, fomu niliisaini mwenyewe bila kuisoma. Vipele vimeisha kabisa na kwa hilo nashukuru, lakini tumbo la juu bado limetokeza na hadi leo linaniuma moyoni.

Mtembezi
Dada usikimbilie kisu. Mimi nilipungua kilo 24, nikabeba vyuma, nikanywa maji ya kutosha, ngozi ikarudi yenyewe. Jipe mwaka.

Mzamu
Kaka Mtembezi, kilo 24 siyo 61. Mazoezi yanajaza misuli chini ya ngozi, ni jambo zuri, lakini ngozi iliyovutwa miaka mingi nyuzi zake za kuvutika zimekatika na hakuna chuma kinachoziunga. Umri, urithi, sigara, muda uliokaa na uzito, vyote vinahesabika. Nimehudumia wodi ya upasuaji muda mrefu, nimeona wanariadha kabisa wana mikunjo.

Mtembezi
Sijasema uongo, nimesema yaliyonipata mimi.

Mzamu
Na mimi sijakuita mwongo. Ila mtu ana vidonda chini ya tumbo, unamwambia anywe maji.

Sitara
Wengine mlipunguza kwa kukatwa mfuko wa chakula, halafu mnataka tena kukatwa ngozi. Sisi tuliohangaika wenyewe tunajua kuridhika.

MamaPacha
Sitara, hilo neno lifute. Mimi ndiye niliyekatwa mfuko wa chakula. Nilihangaika miaka 19 kabla ya hapo. Unajua kuishi na kutapika, kumeza vitamini kila siku ya Mungu, na upungufu wa damu usiokwisha? Ngozi hailegei kwa sababu ya njia uliyopita. Inalegea.

Mvumilivu
Sikupanga kuandika, lakini Tulivu ameomba na mabaya.

Nilikatwa mzunguko mzima, tumbo, ubavu na juu ya makalio, kama mkanda. Saa saba kwenye chumba cha upasuaji. Walitoa kilo 5.2 za ngozi na mafuta. Siku tatu za kwanza nilikuwa naendelea vizuri, nikaruhusiwa nyumbani. Kosa langu likaanzia hapo. Kila nikinyanyuka kidonda kinavuta kama kinataka kuchanika, basi nikawa sinyanyuki. Chakula kitandani, simu kitandani. Mama yangu akiniambia simama, namwambia mama niache, hujui maumivu haya.

Siku ya sita ndama ya mguu wa kushoto ikaanza kuuma. Nikadhani ni msuli kukakamaa, nikamwomba dada yangu anikande. Akakanda kwa nia njema kabisa. Usiku ule niliamka pumzi hazifiki mwisho. Nikivuta hewa, kitu kinanichoma chini ya mbavu kama sindano. Moyo unakwenda mbio na mimi nimelala tu. Nikataka kumwita mama, sauti ikatoka nusu. Yeye alikuwa amelala sakafuni pembeni yangu, akasikia hiyo nusu.

Hospitalini mapigo yalikuwa 128. Wakanipiga picha ya kifua kwa ile mashine ya kuzunguka, wakaona damu iliyoganda imesafiri kutoka mguuni ikakwama kwenye mapafu. Daktari aliyekuwa zamu alimwuliza mama, "Nani alikanda mguu?" Dada yangu alikuwa amesimama pale pale. Uso wake ule sijausahau. Yeye hajakosa lolote, nilimwomba mimi, na damu huganda na kusafiri hata mguu usipokandwa. Lakini mpaka leo hagusi mguu wa mtu.

Nikawekewa oksijeni, nikaanzishiwa sindano za kuzuia damu kuganda. Tumboni hapachomeki, kumeshonwa, wakawa wananichoma pajani. Kisha vidonge miezi mitatu. Ile dawa ikafanya kidonda kivujie damu chini ya ngozi, nikarudishwa kufunguliwa upande mmoja.

Nimepona, ni mwaka wa tatu huu. Tulivu, siku hiyo hiyo ya upasuaji wakikwambia simama, simama. Ukiwa umepinda, ukiwa unalia, simama tu.

Nuru
Mvumilivu, nimetokwa na machozi. Msalimie mama.

Kisima
Ulikuwa unatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Ulivalishwa zile soksi za kubana?

Mvumilivu
Soksi nilivaa, nyumbani nikazivua kwa joto. Vidonge vya uzazi wa mpango nilikuwa natumia na sikumwambia mtu. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikujua kama vinahusika.

Kisima
Vinahusika sana. Tulivu, mwambie daktari wako kila unachomeza, hata dawa za mitishamba.

Pendo
Mimi tarehe yangu ni mwezi ujao. Naahirisha. Siwezi.

Mzamu
Pendo, usiamue kwa hofu ya leo usiku. Kilichompata ndugu yetu kinatokea kwa wachache, na ndiyo maana wagonjwa hupimwa hatari ya damu kuganda mapema na wengine kuanzishiwa sindano za kinga. Nenda kaulize: kwangu hatari ikoje, na mtanikinga vipi? Akikasirika ukiuliza, huyo siyo daktari wako.

Sitara
Haya ndiyo nilikuwa nasema.

MamaPacha
Hukusema haya, Sitara. Ulisema turidhike.

Tulivu
Naombeni tusigombane. Mvumilivu asante, nimemsomea mume wangu yote. Sasa niambieni ya nyumbani, siku kwa siku. Dreni (ile mirija ya kutoa majimaji kidondani), kulala, choo.

BabaSubira
Mimi ni mume, nilimwuguza mke wangu, labda nitasaidia. Alitoka na mirija miwili, kila mmoja una kibuyu cha mpira mwishoni. Unakiminya kitoe hewa ndipo ukifunge, ili kiendelee kuvuta. Asubuhi na jioni nilipima, nikaandika kwenye daftari. Siku ya kwanza mililita 140, ikawa inashuka. Sisi tuliambiwa ukishuka chini ya 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, unatolewa. Mmoja ulitoka siku ya nane, wa pili siku ya kumi na tano. Alipooga nilimfungia kamba shingoni, vibuyu vinaning'inia hapo visivute.

Ongezeni kimo cha kiti cha choo kabla hajarudi nyumbani. Na watoto wasimchekeshe. Kucheka kunauma kuliko kutembea, na kukohoa ndiyo usiseme, aukumbatie mto.

Nuru
Mimi nililala kwenye kiti cha kuegemea wiki mbili. Kitanda usikiguse.

MamaPacha
Mimi kiti kilinivimbisha miguu. Kitandani, mito mgongoni na chini ya magoti, mwili ukae kama umejikunja. Usijinyooshe hadi kidonda kikuruhusu.

Rehani
Nilifumuka wiki ya tatu, pale mshono wa kushuka unapokutana na wa kukatiza. Shimo la kuingia kidole gumba. Nilikuwa nimeacha sigara wiki moja tu kabla, nikamwambia daktari nimeacha mwezi. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu na ngozi ya pale inakufa. Kusafisha na kufunga kidonda miezi miwili. Kama kuna anayevuta, hata zile sigara za umeme, sema ukweli.

Kisima
Na protini, tena anza sasa. Pima damu na madini ya chuma mapema, siyo wiki ya upasuaji. Mimi nilirudishwa mlangoni kwa damu kuwa chini, 8.9.

Mtembezi
Kovu lipake mafuta kila siku, litafutika.

Mzamu
Halifutiki kaka. Linapauka na kulala, mwaka hadi mwaka na nusu. Plasta za silikoni zinasaidia kidonda kikishafunga kabisa, na jua usiliache lilipige. Tulivu, kama una historia ya keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, sema mapema.

Mtembezi
Sawa dada Mzamu, hapo nimejifunza.

Pendo
Sijaahirisha. Nimepiga simu kuuliza ile habari ya kinga, wamenipangia kuonana na daktari Jumanne.

Tulivu
Pendo, ukitoka huko niambie alichosema. Jingine dogo. Mwanangu amezoea kunirukia nikiingia mlangoni. Nitamzuiaje wiki zote hizo?

BabaSubira
Sisi tulimpa wetu kazi ya kubeba daftari la vibuyu. Alikuwa haruki, anakuja polepole ameshika kalamu.