Hereni za Tingatinga: jozi niuze bei gani?

Binti Mzizima: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza hereni za waya wa shaba, nazining'inizia vibati nilivyopaka ndege wa mtindo wa uchoraji wa Tingatinga. Duka moja Zanzibar wanataka jozi 80. Elfu nane au kumi? Usingizi sipati.

Fundi Koleo: Bei baadaye. Kulabu za nini? Zenye nikeli masikio ya wengine yanavimba. Mimi nilimenya waya wa umeme nikamsukia wife mkufu, shingo ikawa kijani. Hadi leo ananiita mganga.

Kisiki: Bati lipige msasa kwanza, la sivyo rangi itabanduka. Marehemu Edward Tingatinga alianza 1968 na rangi za baiskeli juu ya ubao wa dari, ubao unanywa rangi. Bati hapana.

Mama Tatu: Hao ndege kawachora nani?

Binti Mzizima: Nimeuliza bei, dada.

Mama Tatu: Na mimi nimeuliza ndege.

Binti Mzizima: Haya. Kuna mchoraji, nilipiga picha mchoro wake nikaupunguza. Lakini Tingatinga si kila mtu anachora? Ndege hana mwenyewe. Na shaba nimeshanunua, advansi nimeshapokea.

Kisiki: Mtindo hauna mwenyewe, mchoro unaye. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Tingatinga alifariki 1972, piga hesabu. Wako je?

Binti Mzizima: Yupo hai.

Mzee wa Kaole: Enzi zetu waliiba kuku. Sasa wanaiba ndege wa kuchora, hata supu hawatoi.

Ngongoti: Hii chai, tena ya rangi. Advansi umepokeaje wakati bei hujui? Huyu mwezi uliopita alikuwa anauza mchele Mbeya.

Fundi Koleo: 😂 Ongeza sukari.

Binti Mzizima: Mchele ni wa mama! Bei tulishapatana, elfu nne. Nilitaka mtu aniambie ni ndogo, nipate sababu ya kuwarudia.

Mama Tatu: Elfu nne hata kulabu hairudishi. Mchoraji umemwambia?

Binti Mzizima: Ni shemeji yangu. Jumapili anakuja kula kwetu.

Ngongoti: Sasa nimeamini.

Fundi Koleo: Kulabu za nini lakini?