Hela ya kupima tezi ya shingo: iende kwenye mahema ya watu wazima au kwenye kisigino cha mtoto mchanga?

MLETA MADA, Mabawa
Assalaam alaykum na habari za jioni wana Tanga. Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni ili anayetaka kupinga apinge. Kama mkoa wetu una hela yoyote ya kupima tezi ya shingo, hata kidogo, isiishie kumpima TSH, kile kipimo cha damu cha tezi, kila mtu mzima anayepita barabarani. Ianze na watoto wachanga, tone moja la damu ya kisigino siku chache baada ya kuzaliwa.

Kilichonisukuma ni shangazi yangu wa Makorora. Ana miaka 71, hana shida yoyote, anachoma vitumbua kila alfajiri mwaka wa ishirini huu. Mwaka jana likaja hema la vipimo vya mwili mzima, jirani kaingia na yeye kaingia, wakampa karatasi imeandikwa TSH 6.2, wakamwambia mama tezi yako imelala dawa ni mpaka kufa, wakamuuzia palepale levothairoksini ya maikrogramu 100. T4, yaani homoni inayotoka kwenye tezi yenyewe, hawakupima, kwamba arudie kipimo baada ya miezi miwili mitatu hawakusema. Wiki chache tu halali usiku, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka mpaka unga wa vitumbua unamwagikia nje ya chuma. Tukampeleka kwa daktari mwingine akamwachisha, akampima tena baada ya miezi miwili, TSH 4.9 na T4 iko sawa kabisa. Mtu mzima wa miaka 71 kateswa kwa ugonjwa ambao hana.

TSH wengi tunaielewa vibaya. Haitoki kwenye tezi ya shingo, inatoka kichwani, ndo inayoigongea tezi mlango kwamba fanya kazi. Ikipanda kidogo huku T4 haijashuka maana yake tezi inagongewa na bado inaitika, na kwa wazee kupanda hivyo ni kawaida, mara nyingi ukirudia kipimo unakuta imeshuka yenyewe. Mwaka 2017 ulitoka utafiti unaitwa TRUST, watu 737 wa miaka 65 na kuendelea huko Ulaya, wote TSH imepanda na T4 ni ya kawaida. Nusu wakapewa levothairoksini na nusu kidonge kitupu, mwaka mzima, uchovu na dalili nyingine zikawa sawasawa pande zote mbili. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wakaandika kwenye jarida la BMJ kwamba watu wazima wa namna hii wasipewe dawa, ukitoa wajawazito na wanaotafuta mimba, vijana wadogo, wenye dalili kali na wale ambao TSH imepita 20.

Na hao wanaopitisha altrasaundi ya shingo kwa mtu asiyelalamika chochote, waangalie Korea Kusini. Walipima shingo za watu hovyo mpaka 2011 saratani ya tezi ikawa mara 15 ya ilivyokuwa 1993, watu zaidi ya elfu 40 mwaka mmoja, lakini wanaokufa kwa saratani hiyo hawakupungua wala kuongezeka. Maana yake vilivyookotwa ni vijivimbe ambavyo vingi visingemsumbua mtu maisha yake yote, na walishakatwa tezi, wengine wamebaki na sauti iliyoharibika.

Sasa upande wa pili. Mtoto 1 kati ya 2,000 mpaka 4,000 anazaliwa tezi haipo au haifanyi kazi. Siku za mwanzo humjui kwa sababu homoni ya mama iliyopita kwenye kondo bado inambeba. Baadae anakuwa mpole, halii sana, analala, ananyonya kivivu, manjano haiishi, hapati choo, kitovu kinatoka. Sisi tunafurahi! Kuna binti wa jirani zetu kule Pongwe, wanawake walikuwa wanamsifia mpaka basi, mtoto mtulivu huyu, mama yake kapata mapumziko. Alipofika miaka mitatu hajasimama ndo akapelekwa kupimwa. Sasa anakunywa dawa na anarefuka, ila akili iliyokosa homoni miezi ile ya mwanzo hairudi. Angeanza kidonge ndani ya wiki mbili za kwanza angekuwa darasani na wenzake leo, na kidonge chenyewe ni kilekile cha bei ndogo alichouziwa shangazi yangu bila sababu. Quebec kule Kanada walianza kupima wachanga 1974. Miaka hamsini na ushee sasa, na kwetu bado mzazi anatoka wodini mtoto hajaguswa kisigino.

MAMA WATATU, Chumbageni
Kaka pole na shangazi lakini mie napinga. Miaka sita nimehangaika. Nanenepa sili, nywele zinatoka kwa mafungu, hedhi inakaa wiki mbili, baridi naisikia mwezi wa pili Tanga hii ambapo watu wanalala nje. Nimeambiwa mawazo, nimeambiwa nina jini, nimepelekwa kwa mganga nimetoa kuku wawili, wifi zangu wakasema mvivu tu huyu. Siku moja daktari kijana akaandika TSH, ikaja juu ya 60, T4 iko chini kabisa. Leo namshukuru Mungu nameza asubuhi tumbo tupu, nakaa saa nzima ndo nanywa chai, Ramadhani nameza usiku wakati wa kulala na mambo yanakwenda. Sasa hema kama lile lingepita mtaani kwetu mapema si ningeokoka? Usitufungie mlango wanawake kwa sababu ya mzee mmoja aliyepewa dawa vibaya. Kosa la hema ni dawa, sio kipimo.

MLETA MADA
Dada yangu, miaka sita ni mingi na hilo la jini limeniuma. Lakini wewe ulikuwa unaumwa. Mtu mwenye dalili kama zako kupimwa TSH ni haki yake, tena siku ya kwanza, na daktari akimwambia ni mawazo bila kumpima kamkosea. Mie nazungumzia kumpima asiyeumwa. Hilo ni jambo jingine na hela yake ni nyingine.

NIPO MAABARA
Mleta mada hoja yako naipenda ila una shimo kubwa hapo. Mtoto akizaliwa tu TSH yake inapanda sana yenyewe, ukimchoma siku ya kwanza utapata watoto kibao wanaoonekana wagonjwa kumbe wazima. Inatakiwa saa 48 mpaka 72. Wazazi wetu wanatoka ndani ya saa 24, wengine kitanda kinasubiriwa na mwenzake. Utamchoma nani?

Halafu nyongeza kwa Mama Watatu na wadada wote. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye baiotini nyingi sema kabla ya kutolewa damu, maana kwenye mashine nyingi baiotini inaishusha TSH kwa uongo na kuipandisha T4 kwa uongo, unaonekana tezi inafanya kazi kupita kiasi kumbe huna kitu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo 2017. Wenye mahema hawaulizi.

MKUNGA, Muheza
Naomba nichangie kuhusu wajawazito maana kila mara naulizwa kliniki mbona mama hapimwi tezi. Mwaka 1999 huko Marekani daktari Haddow na wenzake waliwafuatilia watoto ambao mama zao walikuwa na tezi dhaifu bila kutibiwa wakati wa mimba, wakakuta akili yao kwenye vipimo iko chini kwa alama 7 hivi. Dunia nzima ikashtuka, kwamba basi tupime kila mjamzito. Lakini 2012 ukatoka utafiti mwingine wa Uingereza na Italia, wanawake karibu elfu 22, waliopimwa na kutibiwa mapema na wasiotibiwa, watoto wakapimwa wakiwa na miaka mitatu, tofauti hakuna. Wapo wanaosema dawa ilianza imechelewa, wiki ya 13 hivi, wakati ubongo wa mtoto umeshaanza kujengwa. Inawezekana, lakini sisi huku wangapi wanakuja hudhurio la kwanza kabla ya wiki ya 13? Mie wanaonijia wengi tumbo limeshatokeza. Kwa hiyo kwa mama naona tupime wenye goita, waliowahi kuumwa tezi, wenye kisukari cha aina ya kwanza, waliopoteza mimba mara kwa mara. Kwa mtoto naungana na mleta mada.

KIJANA WA CHUMVI, Mkinga
Nyote mnaruka chanzo. Sie huku tunavuna chumvi ya bahari, maji yanaingia kwenye jaruba jua linakausha unakwangua, na nawaambia ukweli chumvi inayotoka hapo haina madini joto ya maana, lazima iwekwe, na sheria ipo tangu miaka ya 90 ila mvunaji mdogo dawa ya kuweka kwenye chumvi aipate wapi na kwa bei gani, anauza hivyohivyo kwa gunia inapanda mpaka Lushoto kwa watu wa milimani ambao ardhi yao ndo imekosa madini joto, halafu tunashangaa mama ana rovu. Mjamzito anatakiwa apate maikrogramu 250 kwa siku. Hiyo hela mnayogombania leteni pampu na madini joto huku majarubani, mtakinga wengi kuliko hao wa kisigino. Kuna wachumi, Field na wenzake, waliandika 2009 kuhusu watoto wa Tanzania hiihii, ambao mama zao walipata vidonge vya madini joto wakati wa mimba miaka ya 80 na 90, wakasema walisoma zaidi kwa thuluthi mpaka nusu mwaka, hasa wasichana.

MKUNGA, Muheza
Mwanangu huo utafiti walioirudia hesabu yake baadae walisema matokeo yanayumba. Chumvi naikubali mia kwa mia, na kina mama nawaambia kila siku kopo lifungwe lisikae juani, chumvi itiwe mwisho. Ila usiegemee hapo.

MLETA MADA
Kijana wa chumvi mie na wewe hatugombani kabisa, na ungekuja na mvunaji mwenzako kwa diwani ningekusindikiza. Ila chumvi haimsaidii mtoto aliyezaliwa tezi haipo. Huyo hata umlishe bahari nzima.

Nirudi kwa ndugu wa maabara, shimo lako nalikubali, sikulifikiria nilipoandika. Lakini angalia. Mtoto wa mama mwenye VVU anachukuliwa tone la kisigino sasa hivi, linawekwa kwenye karatasi ya DBS, ile ya kukaushia tone la damu, linakaushwa, linasafirishwa, majibu yanarudi. Karatasi tunazijua, wauguzi wanajua kuchoma. Na hudhurio la mzazi baada ya kujifungua lipo ndani ya wiki ya kwanza, tuchukue siku hiyo. Au damu ya kitovu kama wanavyofanya Malaysia, mama akiwa bado kitandani.

NIPO MAABARA
Damu ya kitovu sawa, ila itaita wengi wa kurudia. Tatizo langu sasa sio kuchoma. Majibu yakitoka mtoto ana siku 14 unampata vipi? Namba iliyoandikwa kwenye kadi ni ya baba, baba yuko baharini siku tano, mama kaenda kwao Pangani kulea arobaini.

MLETA MADA
Ziandikwe namba mbili, ya pili iwe ya bibi anayemlea mzazi. Na jina la mtaa anakokwenda kukaa, sio anakoishi na mumewe, huko ndo mhudumu wa afya wa jamii atamkuta.

MKUNGA, Muheza
Hiyo ya bibi naanza kuiandika kuanzia kesho, hata kabla ya karatasi kuja.