Aliyemuumiza mtoto wangu si mlezi wake: je, Ustawi wa Jamii watamchukua mtoto?

Msafiri_Mbagala:
Wakuu, ninaomba ushauri wenu. Mwanangu wa miaka tisa, anayejiandaa kwa mtihani wa taifa wa darasa la nne, amepigwa na kijana anayewafundisha watoto wa mtaani kwetu tuisheni ya jioni. Niligundua Jumanne ndani ya daladala: tangu Mbagala hadi Kariakoo alikaa ukingoni mwa kiti, na kila dereva alipofunga breki alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili ili mgongo wake usiguse kitu. Nilipomvua shati niliona michirizi iliyokwenda miwili miwili, ya waya uliokunjwa. Zahanati walimsafisha, wakanipa PF3. Sijaripoti popote. Mtu huyu si ndugu yetu wala haishi kwetu. Je, nikipeleka taarifa Ustawi wa Jamii, watatuchunguza sisi wazazi na kumchukua mtoto? Nijibuni hilo tu.

Kisima_cha_Kale:
Pole sana. Maalim wetu kule Pangani alikuwa na kiboko cha mkwaju kilichoning'inia mlangoni, na aliyekosea aya alikitungua mwenyewe akampelekea. Leo nina miaka hamsini na mbili, na nikiona ukwaju sokoni ninaukumbuka mgongo kabla ya juisi.

Mama_Neema:
Wazazi wa siku hizi tunawakabidhi watoto kwa yeyote mwenye ubao na chaki. Ulimuuliza hata amesomea wapi?

Mstaafu_Ustawi:
Ndugu mleta mada, nilikuwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kwa miaka mingi. Taarifa kama yako hugawanyika. Kosa la jinai huenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Sisi tulibaki na mtoto na nyumba yake. Tulimtembelea, tukazungumza naye mbali na wazazi, tukaandika ripoti ya hali ya familia, na kesi ilipofika mahakamani tulikuwa naye. Mtoto haondolewi kwao kwa sababu tu jirani amemuumiza. Ukiacha dharura, kumtenga na wazazi wake ni jambo la amri ya mahakama, nayo mahakama hutazama kama hatari imo humo nyumbani. Hata penye mashaka, anaweza kuachwa kwa wazazi chini ya usimamizi wa afisa. Lakini lipo swali ambalo sikuliacha hata siku moja: ni nani aliyemweka mtoto mikononi mwa mtu huyo, na alijua nini? Hilo hujalieleza.

Msafiri_Mbagala:
Mzee wangu, sioni linahusiana vipi. Nilimpeleka kama wazazi wengine walivyowapeleka watoto wao.

Mstaafu_Ustawi:
Linahusiana kwa sababu ndilo la kwanza utakaloulizwa.

Msafiri_Mbagala:
Basi niseme. Nilipomkabidhi mtoto nilimwambia mwalimu maneno yale yale ambayo marehemu baba yangu aliwaambia walimu wangu: nyama yako, mifupa yangu. Na wiki iliyopita mtoto alipopata 14 kati ya 50 katika hisabati, nilimtumia mwalimu ujumbe kwamba asimwonee huruma. Ujumbe huo anao, na jana amenirudishia ili niusome. Lakini sikumwambia achukue waya! Kwa hiyo nimekwishakata tiketi ya basi la Jumamosi, mtoto aende kwa bibi yake Singida hadi mambo yapoe. Huko anapendwa na atapumzika. Sioni kosa liko wapi.

Kanuni_na_Haki:
Hiyo ya nyama na mifupa haina uzito wowote kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili, awe anayeitoa ni mzazi au mwingine, na mzazi hawezi kumgawia mwenzake ruhusa ambayo hata yeye hana. Viboko vya shuleni vina kanuni zake: visizidi vinne, na kwa idhini ya mkuu wa shule. Kibaraza cha tuisheni si shule. Kifungu cha 95 cha sheria hiyo kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo wewe huombwi, unadaiwa.

Jicho_la_Mwewe:
Samahanini, mimi ninaona hadithi ya kutunga. PF3 hutolewa na polisi, si na zahanati. Mtu hajaripoti popote, fomu ya polisi ameitoa wapi? Na Jumanne, shule zikiwa zimefunguliwa, alikwenda Kariakoo na mwanafunzi kufanya nini?

Kisima_cha_Kale:
Na wamepata kiti Mbagala. Hapo ndipo nami nilipoacha kuamini.

Msafiri_Mbagala:
Niliandika vibaya. Muuguzi aliniambia nikachukue PF3 polisi kisha nirudi ijazwe na daktari. Nilitoka pale nikaenda nyumbani. Jumanne mtoto aligoma kwenda shule, nikadhani anadeka kwa sababu ya viatu vilivyopasuka, ndiyo maana tukaenda kununua vingine. Kiti tulikipata kwa kugeuza na gari. Kama ninatunga, ningejitungia sura nzuri zaidi ya hii.

Mstaafu_Ustawi:
Mimi nitajibu hata kama ametunga, maana wapo wasomao huku wana mtoto wa namna hiyo ndani. Usimsafirishe. Alama hufifia, na daktari hawezi kuandika asichokiona. Mtoto ndiye shahidi, na afisa akikuta amepelekwa Singida atajiuliza unaficha nini, yaani utakuwa umejiitia mwenyewe uchunguzi unaouogopa. Ujumbe wako usiufute. Mwonyeshe afisa kabla mwalimu hajamwonyesha. Utasemwa, tena utastahili kusemwa, lakini mzazi anayekiri na kumpeleka mtoto hospitali hatazamwi sawa na mzazi anayemficha. Kibarazani wako watoto wangapi?

Msafiri_Mbagala:
Kumi na mmoja, ukimtoa wangu.

Mama_Neema:
Na leo ni Alhamisi. Saa kumi na moja jioni watakuwa wamekaa pale pale. Kama unaogopa kuonana na watu uso kwa uso, anza na 116, Simu ya Mtoto, haitozwi hela.

Msafiri_Mbagala:
Nimetoka kwa mtendaji wa mtaa sasa hivi. Amempigia afisa ustawi wa kata mbele yangu, na nimeambiwa nifike dawatini kesho saa mbili asubuhi pamoja na mtoto. Nilipomweleza mtoto, ameuliza kama mwalimu atajua ni nani aliyesema. Sikupata la kumjibu.

Jicho_la_Mwewe:
Na tiketi ya Singida?

Msafiri_Mbagala:
Bado iko mfukoni.