Tabora: Bustani ya mimea wanang'oa mininga iliyo hai wakidhani imekufa, na kiingilio tunalipa

Wakuu habari za leo. Naandika nikiwa bado na hasira za juzi kwahiyo kama nitarukaruka mnivumilie, ila kila kitu humu nimekiona kwa macho yangu na picha ninazo.

Juzi Jumamosi nilimchukua bimkubwa, yani mama yangu mzazi, na wanangu wawili tukaenda kwenye bustani moja ya mimea hapa Tabora, jina siliweki, mliopo mjini mtaijua wenyewe. Safari hii nilimuahidi bimkubwa muda mrefu. Yeye kazaliwa Sikonge, baba yake alikuwa mrina asali, utoto wake wote kaumalizia porini, sasa hivi miguu haimpi kwenda mbali na kila akisema anatamani kuiona miti namwambia tutaenda mama, tutaenda. Nikasikia kuna bustani ina miti ya miombo, ina vijia vya kutembea na kuna mtu wa kuwatembeza wageni, nikasema basi hapa hapa.

Getini 5,000 mtu mzima, 2,000 mtoto. Nikalipa. Nikaambiwa kupiga picha ni 10,000 nyingine hata kama ni kwa simu yako, nikalipa, risiti nikaandikiwa kwa mkono kwenye kipande cha daftari. Choo kimefungwa kufuli na mwenye ufunguo kaenda kula, na mtu niliyenaye ana miaka 74. Hayo yote nilimeza maana nilitaka bimkubwa afurahi.

Tukapewa kijana wa kututembeza. "Shikamoo bibi." "Marahaba baba, mwangaluka." Kijana mstaarabu kabisa, kambeba bimkubwa begi lake, kamtafutia fimbo, sina ugomvi naye na nasema mapema msije mkamshambulia yeye. Anajua ukumbi unakodishwa shilingi ngapi, viti vinaingia vingapi, muziki unazimwa saa ngapi. Nikamuuliza mti wa kwanza tu tuliokutana nao unaitwaje akaenda kusoma kibao.

Sasa hivyo vibao ndo balaa lenyewe. Kuna mti mkubwa una kibao kimeandikwa MKONGO. Bimkubwa akasimama, akautazama juu mpaka chini, akasema "baba, huu si mkola". Mkola ndo jina la mkongo kwa Kinyamwezi, kwahiyo mama yangu alikuwa anabishana na kile kibao. Na kweli haukuwa mkongo, ulikuwa mkrismasi, ule ule wa maua mekundu ya Desemba ambao asili yake Madagaska, yale maganda yake marefu bapa yananing'inia kabisa pale mtu yeyote aliyekulia nchi hii anayajua. Kijana akatuambia kwa uaminifu kwamba kulikuwa na upepo mkali vibao vikaanguka, vikaokotwa, vikarudishiwa. Nani alivirudishia? Vijana wa usafi. Nani alihakiki? Hakuna.

Mkongo wenyewe ulikuwa mbele kidogo tu, hauna kibao. Bimkubwa akainama na ile miguu yake, akapekua kwenye majani makavu akaibuka na mbegu moja, nyeusi inang'aa kama imepakwa mafuta, na kichwani ina kofia nyekundu nyekundu ya nyama ngumu. Akampa mwanangu mkubwa akamwambia shika, hizi sisi tulikuwa tunatunga shanga. Yule mtoto kaishika mbegu ile mkononi mpaka tunatoka. Hicho ndo nilichokuwa nimekilipia, na nilikipata kwa mama yangu.

Na nyuma yetu kulikuwa na wanafunzi wa shule ya msingi, wamekuja na mwalimu wao, wana madaftari, wananakili vibao. Mtoto anaandika mkongo huku anatazama mkrismasi. Mwarobaini umeandikwa "mti wa asili ya Tanzania" wakati umeletwa kutoka upande wa India, nao wanaandika. Nikamfuata mwalimu nikamueleza, akanishukuru, lakini akasema atawafutisha vipi wote arobaini na gari inawasubiri nje. Niambieni hapo kosa ni la mwalimu? Kaleta watoto sehemu inayojiita bustani ya mimea, kaamini kilichoandikwa, ningekuwa mimi ningeamini pia.

Tukaendelea. Kuna mninga mmoja, nadhani ndo mkubwa kuliko yote mle ndani, ulikuwa na maua ya njano na yale matunda yake ya mwaka jana bado yamebaki juu, yale ya duara yenye bawa pana jepesi kama karatasi kuzunguka pembeni na katikati miiba miiba. Mti mzuri sana. Kwenye shina wamepigilia ubao mpana umeandikwa TUTUNZE MAZINGIRA, kwa misumari minne ya inchi 4. Wanaoujua mninga mnajua ukiujeruhi unatoa utomvu mwekundu. Umechuruzika kutoka kila msumari, mzito, umeshuka mpaka usawa wa goti langu, juu bado unanata na chini umekauka mweusi. Mwanangu mdogo ana miaka 5, akagusa, akaangalia kidole, akaniuliza mama huu mti unatoka damu? Sikuwa na jibu la kumpa mtoto. Nguzo ya kusimamishia ubao ni bei gani jamani? Nguzo mbili na koleo la udongo.

Lakini kilichofanya niandike huu uzi kiko kwenye kitalu.

Niliomba kununua mche wa mninga, nikapande kwa bimkubwa. Wakaniambia hawana, wana miashoki, miparachichi na michikichi ya mapambo. Nikauliza kwanini, akaja mzee mmoja msimamizi akasema mininga walipanda miaka miwili iliyopita mstari mzima kule nyuma, ikawa inakauka kila kiangazi, imewashinda, wiki iliyopita wameing'oa yote wanapanga kuweka miashoki maana eneo lile ndo maharusi wanapigia picha. Akatuonyesha rundo. Vijiti vimekauka, vimetupwa pembeni ya ukuta vinasubiri kuchomwa.

Bimkubwa akaomba aletewe kimoja. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakishika upande wa mzizi, mzizi mnene kuliko hata shina lenyewe, akaukwangua kwa ukucha. Ndani ulikuwa mbichi, una majimaji. Akakwangua wa pili, mbichi. Wa tatu, mbichi. Akasema kwa upole tu, mninga mchanga ndo ulivyo, juu unakufa kila kiangazi na mzizi unabaki chini unanenepa, mvua ikija unachipua tena, unafanya hivyo miaka na miaka mpaka mzizi ushibe ndo siku moja unapanda juu moja kwa moja. "Mlikuwa mnausubiri, mmechoka mapema." Yule mzee akakaa kimya.

Wakuu hili jambo si siri ya Wanyamwezi. Wataalam wa misitu wanalijua, ni tabia ya mti unaoishi kwenye nchi ya kiangazi kirefu na moto wa kila mwaka, unaweka akiba chini ambako moto haufiki. Yani hii ni habari ya kwanza kabisa mtu anatakiwa ajue kabla hajapanda mninga hata mmoja. Na mji wenyewe ni huu huu wenye Chuo cha Nyuki, wenye maafisa misitu, wenye wazee warina asali kila kata, usingekosa mtu wa kumuuliza. Hawakuuliza. Wameona kijiti kikavu wakang'oa, mstari mzima, miaka miwili ya mzizi imetupwa ukutani.

Najua kuna watu watakuja hapa kuniambia dada punguza hasira, pale ni sehemu ya kupumzika, watu wanakula nyama choma, wanafunga harusi, mji unapata mapato. Sawa, mimi sipingi harusi, na mimi nimeolewa kwa sherehe na muziki vilevile. Waite ukumbi wa bustani basi, walipishe viti na kivuli. Ukiandika bustani ya mimea getini unaahidi kitu kingine, unaahidi kwamba kila mti una jina lake sahihi, umejulikana umetoka wapi na umepandwa lini, na kuna mtu anaujua. Hata Wajerumani walipoanzisha bustani ya mimea Dar es Salaam 1893 na ile ya Amani kule Usambara 1902, walikuwa na hesabu zao za kikoloni za kutafuta mazao ya kuwapa faida, tusijidanganye, lakini waliandika nini kimepandwa wapi na kimeotaje. Na sisi wenye hii miti tushindwe kuandika jina la mkongo kwenye mkongo?

Na Tabora sio sehemu ya kuchezea hili. Miombo yetu inakatwa kila siku, inakatwa kwa mkaa, inakatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku, mininga mikubwa imeenda kuwa vitanda na milango. Hata mizinga ya magome aliyokuwa anatengeneza babu yangu ilikuwa inaua miti, bimkubwa mwenyewe anakubali, ndo maana siku hizi warina wanahimizwa mizinga ya mbao. Kwahiyo mtoto wa mjini Tabora atauona wapi mninga mzima akauzungukia, akaugusa, bila kupanda gari kwenda mbali? Ni pale. Eneo lile ni dogo na ndo lilitakiwa liwe la uhakika.

Ninachotaka ni hivi na nimeshakiandika pia kwa barua, leo asubuhi nimeipeleka ofisini kwao na nimegongewa muhuri kwenye nakala yangu. Ubao utolewe kwenye ule mninga. Vibao vyote vishushwe mpaka aje mtu anayeijua miti avirudishe kimoja kimoja, bora mti usio na jina kuliko mti wenye jina la uongo. Wasimamishe kung'oa chochote mle ndani mpaka waulize. Na ile shule itafutwe, daftari la wageni getini lina jina la shule, wale watoto warekebishiwe. Bimkubwa amesema yuko tayari kwenda kukaa pale siku nzima na yule kijana amwelekeze mti mmoja mmoja, hataki hela, anataka tu usafiri na kiti cha kukalia na choo kiwe wazi.

Kama humu kuna mtu wa misitu, au mtu aliyesomea mimea, yuko Tabora mjini na anaweza kutoa Jumamosi moja akaungana na mama yangu, aje PM tupange. Picha za misumari na za lile rundo naziweka kwenye komenti ya kwanza, mtandao ukiruhusu.

Tuliomba tuchukue ile mizizi yote, wakaturuhusu mitatu, mingine wakasema mpaka bosi aje. Mitatu bimkubwa kaifukia kwenye ndoo nyuma ya jiko, hakuna mtu anayeruhusiwa kuigusa. Mvua za Novemba zikianza ntaleta mrejesho hapa hapa.